Upande wa Dawa

Bukoba si mji wa kufanyia kazi ya umemetuli, ule umeme wa kusugua. Atakayebisha aje akae kwangu Buhembe mwezi wa Aprili, afue sweta Jumatatu, halafu aniambie lilikauka lini. Hewa ya ziwa hapa inaingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Lakini baba yangu, mpiga picha wa mjini tangu ujana wake mpaka kufa kwake, alifanya nusu ya kazi yake kwa umemetuli, na mimi ndiye niliyerithi ukaidi huo. Kibanja, shamba la migomba la ukoo, sikurithi, kwa hiyo nilichukua kilichobaki.

Nieleze kidogo, maana siku hizi watu wanazaliwa na simu mkononi. Filamu ya picha ikishasafishwa na kukauka hujikunja, na ikikaa miaka mingi hujikunja zaidi, huwezi kuitazama mpaka uilazimishe kulala bapa. Wapiga picha wengine waliibana kati ya vioo viwili. Baba alijaribu hivyo mara moja alipokuwa kijana, unyevu ukaigandisha filamu kwenye kioo, na alipoibandua, harusi nzima ya watu ikabaki kwenye kioo. Hakubana tena filamu maishani mwake. Alijitafutia kipande cha plastiki ngumu, angavu, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, akawa anakisugua kwa sweta kuukuu la sufu mpaka ukikisogeza mkononi vinyweleo vinasimama. Hapo alilaza filamu juu yake, upande unaong'aa ukiwa chini na upande wa dawa, ule uliofifia wenye picha, ukiwa juu. Akiipitishia kiganja mara moja tu, filamu ilijilaza kimya, imeshikwa na kitu usichokiona.

Kisha alikigeuza kile kipande na kukiinua dirishani. Filamu sasa ilikuwa upande wa pili, haina gundi wala klipu, na haianguki. Baba aliitazama kupitia kwenye plastiki, kutokea ule upande unaong'aa. Kugeuza huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Kutokea upande unaong'aa unawaona watu walivyosimama. Kutokea upande wa dawa, aliyekuwa kulia anaonekana kushoto, na mtu anayeandika kwa mkono wa kulia anakuwa wa kushoto. Ili asijidanganye, baba alianza kila mara kwa kusoma vinamba vidogo vilivyo ukingoni mwa filamu. Vikisomeka, ameshika sawasawa. Vikiwa kinyumenyume, ameshika kinyume. Alinifundisha hilo kabla sijajua kuandika jina langu vizuri.

Lakini mwenye mkono wa kusugua alikuwa mama. Baba alikuwa na haraka, anasugua mara kumi na kuanza kutukana mawingu. Mama alikaa na jiko la mkaa, anakipasha kile kipande moto kidogo kukitoa unyevu, anasugua polepole huku anaimba kwa sauti ya chini, na hata masika filamu ilimshikia. Majirani waliomwona mke wa mpiga picha akisugua plastiki kwa sweta walidhani ni uganga. Yeye aliwaacha wadhani. Ninavyokumbuka, alizitazama filamu nyingi kuliko baba, kwa sababu baba alipiga na mama ndiye aliyechagua.

Kabla yangu walikuwa na mtoto wa kiume. Alikufa kwa surua hajatimiza miaka mitatu, akazikwa Muleba, kwenye kibanja cha ukoo wa baba, upande wa kwenda Rubya. Kwetu, msiba bila picha ya mazishi ni msiba uliofanywa nusu: watu wanajipanga mbele ya nyumba, jeneza linawekwa katikati, kaburi likionekana pembeni, na hakuna anayecheka wala kukunja uso. Baba alikuwa amepiga picha hizo za watu mia na zaidi. Ya mwanawe alisimamisha kamera mwenyewe kwenye miguu yake mitatu, akamwomba rafiki abonyeze, akaenda kusimama kwenye mstari. Alibonyezewa mara moja tu. Filamu aliisafisha, lakini picha hakuitoa kamwe kwenye karatasi. Aliikunja akaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likakaa juu ya kabati miaka yote niliyokulia chini yake.

Kaburi la mtoto mdogo siku hizo halikujengewa. Walipanda omulamula kichwani, mti uleule tunaoupanda mipakani, na migomba ikafanya mengine.

Mama alikuwa na ombi moja maishani mwake, na alilisema ovyo tu, akiwa anamenya ndizi au anavua viatu akitoka kanisani, kama mtu anayekukumbusha kununua kiberiti. "Mkinizika, nizikeni kando ya mwanangu." Baba alipokufa tukamzika nyuma ya nyumba hukohuko Muleba, kwa saruji na vigae, na kando yake ikaachwa nafasi. Nikamuuliza mama kama sasa amebadili mawazo. Akaniambia, "Baba yako ana saruji. Yule mtoto hana kitu." Sikuwahi kumuuliza ni wapi hasa alipo huyo mtoto. Nilijua kwamba yeye anajua, na hilo lilinitosha. Nilikuwa mjinga wa kujiamini.

Baada ya baba kufa, mama alikuja kukaa kwangu mjini, na kibanja kikabaki kwa baba mdogo, mdogo wake baba, kama ilivyo desturi. Simlaumu kwa kukitunza. Mnyauko wa migomba ulipoingia aling'oa kila shina na kuchoma, akapanda upya. Nyumba ya zamani aliibomoa akajenga nyingine juu ya msingi uleule, mlango umetazama njia ileile. Pembeni akajenga stoo ya kahawa. Ule omulamula uliondoka na vingine, wakati mama magoti yamekwisha na hasafiri tena. Nilipomsimulia mabadiliko hayo alisikiliza, akauliza kama kahawa imechanua, basi.

Kiharusi kilimpata Novemba, mvua zikiwa zimeshika. Kilimchukua upande wa kulia wote na ulimi. Mkono wa kushoto ulibaki, na macho, na akili, nina hakika na akili. Hospitali walikaa naye wiki mbili, kisha wakatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa maneno hayo.

Siku chache baadaye baba mdogo alikuja kutoka Muleba asubuhi, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Walimsalimia mama chumbani, wakamwombea, wakatoka kuketi sebuleni. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulizungumza kwa kupaza sauti, na huku mlango wa chumba cha mgonjwa uko hatua nne tu. Nilikuwa nimewaletea chai na nilitakiwa kuondoka. Sikuondoka.

"Tumekuja tuelewane mapema," alisema baba mdogo. "Si kwamba tunamharakisha. Ni kwamba nafasi ipo, kando ya marehemu kaka. Tuliiacha makusudi."

Nikasema mama hakutaka hapo. Nikasema anachotaka, na tangu lini anakitaka.

"Waitu, mwanangu," akanijibu kwa lile neno letu la upole, "mke analala kando ya mumewe. Hayo mengine ni maneno ya uchungu, kila mama anayasema."

"Aliyasema zaidi ya miaka hamsini, baba mdogo. Uchungu gani huo?"

"Haya, aliyasema. Ni wapi basi? Mtoto alipozikwa mimi nilikuwa kazini Mwanza. Waliochimba wote wamekwisha kufa. Migomba imeng'olewa, miti imeng'olewa. Unataka tukachimbechimbe kibanja kizima tukitafuta?"

Mmoja wa wazee, mtu mpole mwenye kanzu, akasema kwamba kama kuna anayejua mahali, aseme, na marehemu mtarajiwa atapewa haki yake. Kama hakuna, basi utaratibu ni ule unaojulikana. Walikuwa wanarudi Muleba alasiri hiyohiyo. Wote watatu wakanitazama.

Lazima niseme ukweli kuhusu dakika ile. Katika ukoo wetu mtoto wa kike hukaribishwa kwenye vikao ili aandae kahawa. Nina zaidi ya miaka hamsini, nina duka langu la kupiga picha za pasipoti na kutoa kopi, nimesomesha watoto, na bado sijawahi kuulizwa neno na wanaume wa kwetu likasubiriwa jibu. Siku ile waliuliza na wakasubiri. Nikasema, "Picha ipo. Nipeni saa moja." Nilijisikia nimekuwa mtu mkubwa, na mama yangu yuko anakufa nyuma ya mlango. Naona aibu kuyaandika hayo.

Nilishusha kopo la maziwa, nikaingia chumbani kwangu. Kipande cha plastiki cha baba ninacho, na sweta ninalo, limebaki matundu zaidi ya sufu. Nikaleta jiko la mkaa. Nikakipasha moto kipande, nikasugua, nikakisogeza mkononi: kimya. Nikapasha tena. Unyevu uliingia kwa dirisha, kwa chini ya mlango, ulitoka kwenye nguo zangu mwenyewe. Mwishowe kikapata nguvu kidogo, ya kuudhi tu. Nikakata kile kipande cha filamu chenye mazishi, nikakilaza upande wa dawa juu, nikakipitishia kiganja, kikalala. Nikageuza plastiki niinue dirishani. Filamu ikaanguka.

Nikarudia yote tangu mwanzo, jiko, sweta, kiganja. Nikageuza, ikaanguka. Mara ya tatu ilianguka chini ya kitanda na nusura niikanyage. Sebuleni nikamsikia baba mdogo akikohoa kile kikohozi cha mtu anayetazama saa. Nilikuwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani, mvua au wao au baba yangu na mbinu zake.

Basi mara ya nne sikugeuza. Nilikiacha kipande cha plastiki kilivyo, filamu juu yake, dawa ikinitazama, nikakiweka juu ya tableti ya dukani niliyokuwa nimeiwasha ukurasa mweupe. Filamu ilitulia, maana haikuwa na pa kuangukia. Nikaipiga picha kwa simu, na ile programu inayogeuza weusi kuwa weupe ikanipa mazishi ya kaka yangu, ambayo sikuwahi kuyaona. Nyumba ya zamani, mlango katikati. Baba, mwembamba, mikono ameikunja tumboni. Mama kafunikwa khanga hadi machoni. Jeneza dogo sana kwenye kigoda. Na shimo, na rundo la udongo, kushoto kwa mlango.

Vinamba vya ukingoni sikuvisoma. Ningependa kusema nilisahau. Kusahau ni kosa la watu wote, watu husameheana. Lakini kitu nilichojifunza kabla ya kuandika jina langu sikuweza kukisahau. Nilikuwa nimeshaipata picha niliyoitaka, watu wananisubiri, na sikutaka kuiuliza tena.

Nikatoka nayo. Wazee wawili waliitazama wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakawatambua wawili watatu kati ya waliosimama. Baba mdogo aliichukua simu mwisho. Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho.

"Kushoto," akasema.

"Kushoto kwa mlango," nikamjibu.

"Kwenye migomba mipya. Kushoto."

"Ndiyo, baba mdogo."

Akanirudishia simu. Nilitarajia mabishano, nilikuwa nimejiandaa nayo. Badala yake akasema vizuri, mama atapewa anachotaka, wanachimba hapo siku ikifika. Sauti yake ilikuwa imelainika ghafla. Nikadhani nimemshinda, na moyoni nikajipongeza.

Nikaenda kumwonyesha mama, ili afe akijua. Nikamwinua kidogo kwenye mto, nikamwekea simu mbele ya macho. Aliitazama. Uso wake ule wa upande mmoja ukafanya kitu ambacho siwezi kukieleza. Akainua mkono wa kushoto, akaishika simu, akaigeuza, akailaza kifudifudi kwenye blanketi. Nikaigeuza juu, nikamwambia, "Mama, ni yeye, tumepaona, tutakuweka hapo." Akaigeuza tena kifudifudi. Nikaiinua tena, naye akaigeuza tena, kwa nguvu safari hii, akaigongagonga mgongoni kwa vidole, na kooni mwake ikatoka sauti. Nikaanza kulia. Nikatoka kuwaambia wazee kwamba hataki kuiona, inamuumiza mno. Wakasema ni kweli, mama ni mama. Tukamwacha apumzike.

Sioni sababu ya kumficha msomaji nilichokuja kukijua baadaye. Yule mwanamke alizitazama filamu tangu kabla sijazaliwa. Alisimama kando ya lile kaburi. Ulimi hauko, mkono mmoja hauko, na kwa mkono uliobaki alikuwa ananiambia neno moja tu la kazi yetu: geuza.

Alikufa siku tisa baadaye, asubuhi, nikiwa nampaka mafuta miguuni. Tukampeleka Muleba. Vijana walichimba kushoto kwa mlango, kwenye migomba mipya, na mimi nilisimama juu yao mpaka wakaniona kero. Niliwauliza kama wamekuta chochote. Mmoja wao aliniambia mtoto mdogo hivyo, udongo wa huku ungekuwa umemmaliza zamani, nisitegemee kuona kitu. Maneno hayo niliyakubali. Mchungaji alihubiri juu ya mama na mtoto wanaokutana, watu wakalia sana, na wanawake wa ukoo wakanishika mikono mmoja mmoja wakisema nimemfikisha mama kwa mwanawe. Nikawaambia asanteni.

Miezi ile, usiku niliokosa usingizi ilikuwa kwa sababu nyingine za kufiwa. Lile jambo moja nililiona limekwisha salama.

Julai ndiyo kiangazi chetu halisi. Vumbi linafika mpaka Buhembe, midomo inapasuka, na nywele zinang'ang'ania kitana. Nilitaka kuitoa ile picha kwenye karatasi, kubwa, niiweke kwenye fremu pamoja na ya mama, nikaona ya simu haitoshi. Nikachukua kipande cha plastiki na sweta. Nilisugua labda mara sita. Sweta lilitoa ile milio midogo ya cheche niliyoisikia utotoni, na filamu, nilipoisogeza tu, ikaruka yenyewe kutoka mkononi mwangu ikajibandika. Nilicheka. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Sasa ndiyo umekubali."

Nikageuza, nikaiinua dirishani. Haikuanguka. Nikaanza na vinamba, kwa mazoea tu, vikasomeka vizuri kabisa. Halafu nikaitazama nyumba, na kaburi lilikuwa kulia.

Nilikigeuza kile kipande, kaburi likaenda kushoto na namba zikawa kinyume. Nikakigeuza, likarudi kulia. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Nilichukua simu nikatafuta ile picha ya Novemba, nikaikuza mpaka ukingoni, na vile vinamba vilikuwepo, vidogo, vya ukungu, vimetazama upande usio wao. Vilikuwepo siku zote. Nilikaa sakafuni mgongo kitandani, na kitu cha kwanza nilichohisi haikuwa huzuni bali hasira, ya kutaka kumpiga mtu, na chumbani nilikuwa mimi tu. Ndipo nikakumbuka simu ikilazwa kifudifudi kwenye blanketi, nikaelewa, nikapiga kelele hata jirani akaja kugonga dirisha.

Kesho yake nilipanda basi la Muleba. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Nilifikiri nitamwambia baba mdogo kwamba nimekosa, kwamba aitishe ukoo, kwamba tuombe ruhusa kokote inakoombwa na tumhamishe mama upande wa kulia. Nilijua watanicheka, watasema ndiyo maana wanawake hatuulizwi. Nilikuwa tayari kwa hilo pia.

Nilimkuta peke yake mbele ya nyumba, anageuza kahawa iliyoanikwa kwenye turubai. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za mjini, za watoto. Sikuweza kungoja. Nikamweleza yote palepale, nimesimama: upande wa dawa, upande unaong'aa, vinamba, mvua ya siku ile, mama na simu. Nilivyokuwa naeleza nikawa naitazama stoo ya kahawa, maana kulia kwa mlango ndipo ilipo, na ukuta wake ni wa tofali za kuchoma na msingi wa mawe. Nikamwambia, "Baba mdogo, mtoto yuko chini ya stoo yako."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kugeuza kahawa.

"Hayuko," akasema.

Nikamwambia nimeiona filamu mara elfu, siwezi kukosea mara mbili.

"Hukukosea. Alikuwa pale. Nasema hayuko." Akaegemea reki yake. "Walipokuwa wanachimba msingi walimkuta. Kipande cha blanketi, na mifupa kama ya kuku. Jembe lilikuwa limeshapita. Nikawaambia wafunge midomo."

"Ulijua?"

"Ningefanyaje? Kama ukoo wangesikia najenga juu ya kaburi la mtoto wa kaka, wangenibomolea, wangeniita mbele ya watu. Mawe yalikuwa yameshakuja, fundi yuko hapa." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mambo hayo kwa miaka. "Kwa hiyo mliposema mama azikwe kando ya mtoto, nikasema hapana, alale kwa mumewe. Nilikuwa namtafutia mahali pa kweli. Wewe ukasema una picha. Nikajua nimekwisha. Halafu ukaileta, na imesema kushoto."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Nilimshukuru Mungu, mwanangu. Nisikudanganye."

Nilitafuta tusi la kumtukana, na ninayajua mengi, kwa lugha mbili. Nikayaacha. Maana nilikuwa nimeshaanza kuona sisi wawili tulifanya nini, yeye kwa kunyamaza na mimi kwa kusema. Kama ningegeuza kile kipande, angebanwa aseme ukweli. Kama ningekubali tu kwamba sijui, mama angelala kando ya baba, kwenye nafasi iliyoachwa kwa ajili yake, na hilo si jambo baya kwa mke. Nilimtoa kwa mumewe kwa mdomo wangu nikampeleka kwenye migomba ambako hakuna mtu wake yeyote. Baba yuko nyuma ya nyumba na vigae vyake. Yeye yuko kushoto, peke yake. Nilimuuliza baba mdogo swali lililobaki.

"Ile mifupa uliiweka wapi?"

Aliinama akaokota punje ya kahawa iliyoruka nje ya turubai, akairudisha kwenye wenzake.

"Ilikuwa imevunjikavunjika. Isingetengana na udongo, hata ungetaka. Ilikwenda na udongo."

"Na udongo ulikwenda wapi?"

"Uwanja huu ulikuwa na bonde. Mvua zilikuwa zinaingiza maji mpaka mlangoni." Alionyesha kwa reki, kutoka ngazi za nyumba mpaka njiani. "Tuliusawazishia hapa."

Mlango ukafunguka, mke wake akatoka. Huyu hakujua lolote, nina uhakika, alikuwa ametusikia tu sauti na kufurahi kwamba mgeni amekuja. Mkono mmoja alishika kigoda na mwingine kisahani chenye akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna tunazomkaribishia mgeni kabla ya neno lolote. Akakiweka kigoda mbele yangu, akakipangusa vumbi kwa upande wa khanga.

"Kaa, mwana wange. Mbona wamekuacha umesimama juani?"

Baba mdogo alirudi kwenye kahawa yake. Nilikishika kile kigoda nikataka kukisogeza. Nikatazama upande wa ngazi, nikatazama upande wa njia, nikatafuta mahali, na kote ulikuwa udongo uleule mwekundu, umeshindiliwa vizuri, umefagiliwa asubuhi. Mama mdogo alikuwa ananingoja na kisahani chake. Nikakirudisha kigoda pale alipokiweka, nikakaa.